Likorisi, ubuyu, zabibu au pilipili: chokoleti ipi iende na ladha ipi

Ukiweka kipande cha chokoleti ulimini bila kukitafuna, siagi ya kakao huanza kulainika kwenye nyuzi 30 hivi za Sentigredi na kuyeyuka kabisa ikikaribia nyuzi 34, chini kidogo tu ya joto la mwili. Kazi hiyo huchukua nusu dakika hadi dakika nzima, na ndani ya muda huo ladha hupanga foleni. Chumvi na sukari hutangulia, uchachu hufuata mara moja, uchungu wa kakao hutawala katikati, ukali wa pilipili hujitokeza baadaye, na likorisi, mzizi mtamu unaotengenezewa pipi nyeusi, huja mwisho na kukataa kuondoka. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila ladha iliyomo hapa ni hili: inafika lini mdomoni? Ladha mbili zinazofika pamoja husaidiana au hugombana. Zinazopishana sana ni kama umekula vitu viwili tofauti.

Ulinganisho huu ni kwa mtu wa Dodoma, Singida au Manyoni anayetaka kununua baa zilizokwisha kutiwa ladha, au kununua chokoleti tupu na kuioanisha mwenyewe na vitu vya Soko la Majengo. Njia ya pili tunaipendelea. Haihitaji jiko, gharama ya kukosea ni ndogo, na ulimi hujifunza upesi zaidi ukionja kitu kimoja kimoja kabla ya kuviunganisha.

Chokoleti kwanza

Kosa linaloharibu majaribio mengi hutokea kabla ladha yoyote haijaongezwa: kilichonunuliwa si chokoleti. Geuza baa usome orodha ya viambato, ambayo hupangwa kuanzia kilicho kingi. Ukikuta siagi ya kakao, na mafuta mengine ya mimea hayapo au yapo kidogo karibu na mwisho, umepata. Ukikuta mafuta ya mawese yametajwa mwanzoni, pengine mara tu baada ya sukari, hiyo ni chokoleti ya mafuta mbadala. Ina faida moja kubwa kwa mji wa jua kali, kwamba haiyeyuki upesi dukani, lakini hilohilo ndilo ila lake mdomoni: hubaki kama nta kwenye kaakaa na kuzuia ladha isifike. Kwa kupamba keki inatosha. Kuionjea likorisi ni kuipoteza likorisi.

Kati ya chokoleti za kweli, tatu zinatosha kwa kazi yote.

Nyeusi ya asilimia 70. Asilimia hiyo ni jumla ya kila kilichotoka kwenye punje ya kakao, siagi yake ikiwemo. Kinachobaki ni sukari karibu yote. Ina uchungu, ina ukakasi unaokausha mashavu, na kama kakao ni ya Tanzania basi ina uchachu wa matunda pia. Kakao yetu hutoka zaidi Kyela na Rungwe mkoani Mbeya, na bonde la Kilombero mkoani Morogoro. Ile inayochachushwa na kukaushwa Kilombero na kampuni ya Kokoa Kamili hununuliwa na watengenezaji wadogo wa nje, wakiwemo Dandelion Chocolate wa San Francisco, na uchachu huo wa matunda mekundu ndio unaotafutwa. Shika neno hilo, uchachu, kwa sababu ndilo litakalotukwamisha tukifika kwenye likorisi.

Ya maziwa, yenye kakao ya asilimia 35 hadi 45. Zile za chini ya 30 ni tamu mno kiasi kwamba ladha nyingine hugeuka harufu tu.

Nyeupe, ambayo haina unga wa kakao kabisa, ni siagi ya kakao, maziwa na sukari. Wapenzi wa chokoleti nyeusi huidharau bure. Kwenye kuoanisha ni kama wali mweupe: yenyewe haina maneno mengi, lakini mchuzi wowote utakaoumwagia utaonekana.

Likorisi yenyewe ni nini

Ni mzizi wa mmea wa jamii ya kunde, Glycyrrhiza glabra, unaoota kusini mwa Ulaya na magharibi mwa Asia. Kiswahili kina jina lake la zamani, urukususu, lililotokana na Kiarabu irk-sus. Mzizi wenyewe, basi, Pwani unajulikana kama dawa ya kifua, ingawa pipi zake nyeusi ni ngeni kabisa kwa mtu wa Kongwa au Mpwapwa.

Utamu wake hautokani na sukari bali na glisirizini, ambayo ni tamu mara 30 hadi 50 kuliko sukari ya mezani. Utamu huo huchelewa kuanza, hupanda polepole, na hukaa ulimini dakika kadhaa. Ukitiwa ndani ya chokoleti huchelewa zaidi, kwa kuwa glisirizini huyeyuka kwenye maji na si kwenye mafuta. Punje za unga wake hubaki zimefunikwa na siagi ya kakao mpaka siagi iyeyuke na mate yazifikie. Anayetafuna na kumeza haraka atasema hakusikia kitu, kisha dakika moja baadaye ashangae mdomo umejaa ladha ya mizizi, molasi na udongo mkavu uliopigwa na mvua ya kwanza.

Wengi wanaosema hawaipendi likorisi walichoonja hasa ni anisi. Pipi nyingi nyeusi hutiwa mafuta ya anisi, na harufu ile kali inayopanda puani ni ya anetholi, iliyomo pia kwenye shamari na kwenye anisi ya nyota. Kuna kipimo rahisi. Kaanga punje kumi za shamari kwenye kikaango kikavu kwa dakika moja, kisha uzitafune. Kama harufu hiyo inakuudhi, nunua likorisi isiyo na anisi. Kama unaipenda lakini unaona inakwisha mapema, likorisi ya kweli itakufaa.

Likorisi kwenye chokoleti tatu

Kwenye nyeupe, likorisi inasikika yote. Hakuna uchungu wa kuificha, na mafuta mengi huupunguza ule ukali wa mwisho. Hatari yake ni utamu juu ya utamu: sukari huanza, glisirizini humalizia, na kati yake hakuna kitu cha kuushtua ulimi. Kwa hiyo nyeupe yenye likorisi lazima iwe na chumvi. Nusu gramu kwa gramu 100 za chokoleti inatosha, ikinyunyizwa juu wakati chokoleti inaanza kushika. Ukiikoroga ndani, husambaa na kuwa chumvi ya jumla, badala ya yale makali madogo yanayotakiwa.

Kwenye ya maziwa mambo hukaa sawa zaidi, na kama utanunua moja tu, nunua hii. Maziwa yana ladha ya karameli inayofika katikati, mahali ambapo likorisi bado haijafika, na molasi ya likorisi huipokea pale inapoishia. Hakuna pengo. Waiceland ndio walioizoea sana ndoa hii: huko kuna baa za maziwa zenye kipande laini cha likorisi ndani, na Draumur ya kiwanda cha Freyja ni mfano unaojulikana. Denmark nako kampuni ya Lakrids by Bülow, iliyoanzia kisiwa cha Bornholm mwaka 2007, ilijenga jina kwa kuvika viini vya likorisi koti la chokoleti.

Kwenye nyeusi hutegemea kakao ilikotoka. Nyeusi yenye ladha ya karanga na mkate uliookwa, kama nyingi za Ghana zilivyo, hukubaliana na likorisi vizuri. Ukakasi hupungua na mwisho huwa mtamu bila sukari kuongezwa. Lakini nyeusi ya Kilombero au Kyela, yenye ule uchachu wa matunda, hugombana nayo. Uchachu hufika mapema na kuondoka, kisha mzizi unakuja na ladha yake ya udongo juu ya ulimi uliokwisha kuchachuka, na mchanganyiko hufanana na dawa ya kikohozi. Inasikitisha kusema hivyo juu ya kakao ya nyumbani, ila kakao hiyo ina wenzi bora kuliko likorisi, na wawili kati yao wanapatikana hapahapa Dodoma.

Baa, pipi iliyovikwa, au unga?

Likorisi na chokoleti huuzwa kwa sura tatu. Baa iliyochanganywa na unga wa likorisi hutoa ladha sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, na hustahimili safari. Pipi ya duara iliyovikwa chokoleti hukupa chokoleti kwanza, halafu likorisi ya kutafuna, na kwa mgeni ndiyo rahisi kuelewa. Tatizo lake ni hewa ya Dodoma. Kuanzia Mei hadi Novemba hewa ni kavu, na kiini laini cha likorisi hukauka siku chache tu baada ya pakiti kufunguliwa, kikawa kigumu cha kuvunja jino. Ukifungua, hamishia kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana.

Sura ya tatu ni unga au mzizi mkavu. Ukiupata kwa muuza dawa asili, ponda, saga, kisha upitishe kwenye kitambaa chenye matundu madogo kuliko ya chujio la chai, kwa sababu nyuzi za mzizi huu hazilainiki mdomoni. Anza na gramu 1 kwa gramu 100 za chokoleti ya maziwa, na usipite 3. Tumia mizani ya kupimia gramu. Kijiko cha chai hakiaminiki kwa unga mwepesi hivi.

Pakiti za zawadi kutoka Ulaya huandikwa lakrids, lakrits, lakris, lakritsi, lakkrís, au kwa Kijerumani Lakritz, na Waholanzi huziita drop. Ukiona salmiak, simama kwanza. Hiyo imetiwa kloridi ya amonia, chumvi yenye ukali unaopiga puani, na watu wa Ufini, Skandinavia na Uholanzi huipenda tangu utotoni. Kwa mtu asiyeizoea huua ladha ya chokoleti yoyote itakayofuata. Usiiweke kwenye meza ya kuonja kwa mara ya kwanza.

Soma pia mambo mawili yanayowahusu wageni wako. Likorisi laini nyingi hutengenezwa kwa unga wa ngano, kwa hiyo asiyekula ngano asiguse. Na baadhi ya pipi zina jelatini, ambayo huweza kuwa ya nguruwe. Kama pakiti haisemi imetoka kwa mnyama gani, usimpe Mwislamu.

Presha

Hapa hatubahatishi. Glisirizini huzuia kimeng'enya kinachosaidia figo kutawala chumvi; mwili hushika sodiamu na maji, hupoteza potasiamu, presha hupanda na mapigo ya moyo huweza kuvurugika. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeonya kwamba mtu wa miaka 40 na zaidi akila gramu 57 za likorisi nyeusi kila siku kwa wiki mbili anaweza kufikia hali hiyo. Ulaya inashauri glisirizini isizidi miligramu 100 kwa siku. Kipande cha gramu 5 kutoka baa yenye unga wa mzizi asilimia 2 kina gramu 0.1 tu ya mzizi, kiasi kidogo sana, na mtu mzima mwenye afya hana cha kuhofia kwenye kuonja. Mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo au figo, anayetumia dawa za kupunguza maji mwilini au digoksini (dawa ya moyo), na mjamzito, wasionje kabisa. Waulize wageni kabla ya kuandaa meza, si baada. Shamari iliyokaangwa na kupondwa, gramu 1 kwa 100, itawapa harufu ya kufanana bila glisirizini.

Ubuyu

Huu ndio unaofaa kuanza nao kwa Mgogo na kwa mgeni. Unga wa ubuyu una asidi za matunda, ni mkavu, na uchachu wake hufika mapema kabisa, sekunde chache baada ya chokoleti kuanza kulainika. Kinachohitajika ni chokoleti inayofika polepole na yenye mafuta ya kuubembeleza: nyeupe. Gramu 5 za unga kwa gramu 100 za nyeupe hutoa kitu kinachofanana na maziwa mgando yenye ndimu, na watu wasiopenda chokoleti nyeupe hubadili mawazo hapo. Zaidi ya gramu 8, kipande huwa kama chaki na kuvunjika kwa unga.

Kwenye nyeusi ya Tanzania, ubuyu ni uchachu juu ya uchachu. Usioanishe.

Tahadhari mbili. Tumia unga mweupe mtupu uliochunwa kwenye mbegu na kuchekechwa, si ubuyu mwekundu wa pipi, ambao umepikwa kwa sukari, rangi na wakati mwingine pilipili na iliki. Huo una unyevu. Na unga wa ubuyu hunyonya maji ya hewani. Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua zinapokuwepo, ukiachwa wazi hushikana madonge, na donge hilo likiingia kwenye chokoleti iliyoyeyushwa huiharibu yote. Sababu ni kwamba maji kidogo hulowesha punje za sukari zilizokuwa zimeogelea kwenye mafuta, zinashikana, na chokoleti hugeuka tope gumu ghafla. Matone machache tu yanatosha. Ndiyo sababu ukwaju uliorojwa hauingii kwenye baa. Uweke pembeni kwenye kisahani.

Zabibu

Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na huu ni utajiri ambao maeneo mengi ya zabibu duniani hayana. Tofautisha mbichi na kavu, maana zinataka chokoleti tofauti.

Zabibu mbichi nyekundu, mfano Makutupora Red, ina ganda lenye ukakasi. Nyeusi ya asilimia 70 nayo ina ukakasi. Ukiziweka pamoja mdomo unakauka kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Ziwekee ya maziwa: kula zabibu kwanza, meza, ndipo uweke chokoleti. Ukianza na chokoleti, sukari yake itaifanya zabibu ionekane chungu.

Zabibu kavu ndizo mwenza halisi wa nyeusi ya Kilombero na Kyela. Zikikauka sukari hujilimbikiza, uchachu hubaki lakini chini, na ladha yake ya tunda lililoiva hufika wakati uleule uchachu wa kakao unapofika. Hapo ladha mbili husaidiana kweli. Ni vigumu kusema kakao imeishia wapi na zabibu imeanzia wapi. Gramu 20 hadi 25 kwa gramu 100. Zioshe kutoa vumbi, kisha zikauke kabisa juu ya kitambaa usiku kucha, kwa sababu ileile ya maji. Zabibu nyingi za Dodoma ni za mvinyo na zina mbegu. Zitoe kwa ncha ya kisu au waambie wageni mapema. Mbegu ikipasuliwa katikati ya kuonja huleta uchungu unaosingiziwa chokoleti.

Asali, karanga na wengine

Asali ya Manyoni na Itigi inaonekana ni jozi ya wazi, lakini ndiyo inayowaangusha wengi jikoni. Asali ya kawaida ina maji chini kidogo ya asilimia 20, ya nyuki wadogo ina zaidi, na yote mawili yatosha kuigeuza chokoleti iliyoyeyuka kuwa donge. Mezani, weka tone moja juu ya kipande cha nyeusi muda uleule wa kula. Ukitaka kuipika, tengeneza ganashi: chemsha gramu 100 za krimu, mimina juu ya gramu 200 za nyeusi iliyokatwakatwa, subiri dakika mbili, koroga toka katikati, kisha ongeza gramu 20 za asali. Ikae kwenye jokofu na iliwe ndani ya siku tano. Asali ya nyuki wadogo ina uchachu wake; hiyo nayo ipe nyeusi ya Tanzania.

Karanga hazina ugeni, na hatuzilazimishi kuwa nao. Mpango mkubwa wa Waingereza ulioanzia Kongwa mwaka 1947 ulikufa 1951, lakini karanga za wakulima wadogo hazikuondoka, na kwenye chokoleti ya maziwa yenye chumvi kidogo ni vigumu kuzishinda. Jambo kubwa ni kuzichambua. Toa zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu kabla ya kukaanga, kwa kuwa sumukuvu haiondoki kwa moto wa kikaangoni. Mkoa wa Dodoma unaijua sumu hiyo tangu vifo vya mwaka 2016.

Pilipili hufuata sheria nyingine. Kapsaisini, kiini cha ukali wake, huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo siagi ya kakao huibeba na kuisambaza mdomo mzima, na ukali hufika nyuma ya uchungu. Nyeusi pekee ndiyo inayoiweza. Pilipili kichaa kavu iliyosagwa iwe gramu 0.1 hadi 0.2 kwa 100; maji hayaondoi ukali wake mdomoni, maziwa huuondoa. Tangawizi kavu ni ya upole zaidi, hufika mapema kuliko pilipili na huondoka safi, na kwa mkusanyiko wa watu wa rika mbalimbali ndiyo tungeichagua.

| Ladha | Chokoleti | Kiasi kwa gramu 100 | Inapofika mdomoni | Kosa la kawaida |
|---|---|---|---|---|
| Likorisi, unga | Maziwa | gramu 1–3 | Mwisho, hukaa | Nyuzi za mzizi hazikuchekechwa |
| Shamari | Maziwa au nyeupe | gramu 1 | Mwanzo, puani | Kuunguzwa, huwa chungu |
| Ubuyu | Nyeupe | gramu 5 | Mwanzo | Unga ulioshika unyevu |
| Zabibu kavu | Nyeusi ya Tanzania | gramu 20–25 | Mwanzo hadi katikati | Hazikukauka baada ya kuoshwa |
| Karanga na chumvi | Maziwa | gramu 30 na 0.5 | Mwanzo na katikati | Kutochambua |
| Ufuta | Nyeusi | gramu 8 | Katikati | Kukaangwa mpaka ukawa kahawia iliyoiva |
| Iliki | Maziwa | punje za maganda 4 | Mwanzo, puani | Iliki ya zamani iliyosagwa dukani |
| Tangawizi kavu | Nyeusi | gramu 1 | Katikati | Kutumia mbichi, ina maji |
| Pilipili kichaa | Nyeusi | gramu 0.1–0.2 | Nyuma ya uchungu | Kupima kwa macho |

Ukiyeyusha mwenyewe, nyeusi ipashe hadi nyuzi 45 au 48 juu ya mvuke, ipoze hadi 27 au 28 huku ukikoroga, kisha irudishe 31 au 32 ndipo uongeze unga na kumimina. Ya maziwa malizia kwenye 29 au 30, nyeupe 28 au 29. Bila hatua hizo baa hutoka laini na yenye madoa ya kijivu. Mchana wa Oktoba au Novemba jikoni hapa hufika nyuzi 30 na kupita, na chokoleti haitashika. Fanya kazi alfajiri, au subiri Juni na Julai usiku unapopoa vizuri.

Kuisafirisha na kuitunza

Kutoka Dar es Salaam, treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 ni bora kuliko basi kwa sababu ya muda mfupi na ubaridi wa behewa. Kwenye basi usiiweke buti la chini. Nyumbani mahali pazuri ni nyuzi 15 hadi 18. Kabati la ndani upande usiopigwa na jua la mchana hukaribia hapo majira ya baridi. Miezi ya joto itabidi utumie jokofu, ikiwa imefungwa kwa karatasi, kisha mfuko, kisha kopo, na ukiitoa iache ndani ya kopo mpaka ipate joto la chumba. Ukifungua ikiwa ya baridi, umande hukaa juu yake, huyeyusha sukari na kuacha ukoko wa chengachenga. Siagi ya kakao hufyonza harufu kama pamba. Jokofu lenye samaki wa Mtera litakupa chokoleti ya samaki wa Mtera, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Meza ya kuonja

Vipande sita vya gramu 5 ndio mwisho wa ulimi wa kawaida. Fanyeni saa moja jioni, joto likishuka, na chakula chenye pilipili kisitangulie. Maji yawe ya uvuguvugu. Ya baridi na soda huigandisha siagi ya kakao juu ya ulimi, na kipande kinachofuata hakipati nafasi. Mkate mtupu usio na sukari unafaa katikati.

Mpangilio wetu: nyeusi tupu kwanza ili ulimi ujue kakao, kisha nyeupe na ubuyu, nyeusi na zabibu kavu, maziwa na karanga, nyeusi na tangawizi, na mwisho maziwa na likorisi. Subiri dakika moja kati ya vipande. Baada ya likorisi hakuna kinachofuata. Ukilazimika, acha dakika kumi na upige kipande cha mkate na maji. Likorisi na pilipili zisiwe jioni moja, kwa sababu kila moja inadai nafasi ya mwisho.

Mwenye pesa za baa mbili tu achukue nyeusi ya asilimia 70 ya kakao ya Tanzania na nyeupe moja, aongeze zabibu kavu na ubuyu wa sokoni. Hapo ana jozi mbili bora za orodha nzima. Baa ya likorisi iwe ya tatu, ya maziwa, na ya kipimo kidogo.

Mabaki ya nyeusi, zabibu na tangawizi yanaweza kukatwakatwa pamoja, gramu 25 kwenye kikombe cha maziwa ya moto cha mililita 200, yakakorogwa hadi yayeyuke. Vipande vya likorisi vitenge. Kimoja tu kikiingia, kikombe chote kitakuwa cha likorisi.